Mpira wa Nyuma ya Pazia

Ukifika Bofu, huku Likoni, ukauliza nani hodari wa manda za sambusa, hata mtoto aliyehamia jana atakupeleka kwa Mwanatatu. Manda zake, zile karatasi za unga za kufungia sambusa, ni nyepesi, ukiilaza moja juu ya gazeti unasoma habari bila taabu. Siri yake iko kwenye vidole gumba. Mwanamke huyu amekuwa akibandua manda kwenye chuma cha moto tangu hajavunja ungo, na sasa ana miaka hamsini na mitatu. Vidole vile havijui tena moto ni nini. Vina nguvu, vina wepesi, na vina subira. Hayo yashike, tutayarudia.

Mumewe ni Boga. Tuseme haki, Boga ni mtu mwema: hatukani, hapigi, na sala ya Ijumaa haimpiti. Ila ana mdomo. Lo, ana mdomo yule! Miaka thelathini ameendesha forklifti bandarini, na ukimsikiliza pale maskani kwa Jafar fundi baiskeli, utadhani meli zilikuwa hazitii nanga mpaka ziulize Boga ameamkaje.

Tena ana tabia moja ya wanaume wa rika lake: hamwiti mkewe kwa jina mbele za watu. Ni "mama Jalila", au "watu wa nyumbani", na mara nyingi zaidi ni kikohozi. Kikohozi kimoja, chai. Viwili, maji. Vitatu, kuna mgeni mlangoni, jifunike. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa, Mwanatatu ameitikia vikohozi vingi kuliko alivyoitikia jina lake.

Basi Boga akastaafu. Akawa nyumbani mchana kutwa, anafunua sufuria zisizomhusu na kutoa ushauri wa chumvi. Binti yao Jalila, aliyeko Doha kwenye duka la nguo, akamwonea mamake huruma. Akatuma zawadi: kimashine cha gemu cha kushika mkononi, kioo katikati na kishikio kila ubavu, ndani yake mpira wa miguu.

"Baba acheze," alisema kwenye simu, "mama upumue."

Kimashine kilipowashwa kikataka jina la timu. Boga akaandika BOGA. Herufi nne tu, zikamla alasiri nzima, kwa sababu kila akiitafuta G alikuwa akiangukia H. Kisha akaanza kucheza, na hapo sitaki kumwaibisha mtu mzima, lakini kweli lazima isemwe. Alifungwa. Alifungwa mabao sita, akafungwa saba, siku moja akajifunga mwenyewe mara mbili akashangilia. Akishachoka hukiacha kimashine juu ya friji katikati ya mchezo, anavaa kofia, anakwenda maskani kupunga upepo.

Mwanatatu kwanza alicheka. Mwanamume mzima, mvi kichwani, anapiga kelele kwa kioo! Lakini unga wa manda, ukishaukanda, lazima upumzike nusu saa, na nusu saa ya kukaa bure ni ndefu. Siku moja akapangusa mikono, akakishusha kile kidude kutoka juu ya friji, atazame tu. Kidole gumba cha kulia kikaangukia kwenye kitufe. Mchezaji akapiga mpira, mpira ukaingia wavuni.

"Ebo!" akasema peke yake jikoni.

Kuanzia hapo unga wa Mwanatatu ulikuwa ukipumzika kuliko unga wowote wa pwani hii. Hakujua Kiingereza cha mle ndani wala hakukihitaji. Alijua nani anakimbia na nani mvivu. Mshambuliaji wake mmoja, mwembamba, nywele zimesimama, alimwita Shemeji, kwa sababu huyo humwoni mchezo mzima, kikinukia chakula tu huyo amefika. Na alikuwa akifunga! Mwezi wa kwanza haujaisha, timu ya BOGA ikanyanyua kombe.

Alasiri ile Boga akarudi, akawasha, akaona wachezaji wake wamebeba kombe na karatasi za rangi zinawamwagikia. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Mkewe yuko jikoni, anabandua manda, uso mkavu.

Mtu mwingine angeuliza. Boga hakuuliza. Alikaa, akafikiri, akapata jibu lake: kimashine ni kama wali. Ukishaupika, ukaufunika na kuupalia makaa juu, huhitaji kusimama hapo, unajimaliza wenyewe. Yeye anawasha, anaweka msingi, anaondoka, na kimashine kinamalizia. Sasa wali ukiiva, sifa ni ya makaa au ya mpishi?

Kufika maskani, hata makaa hakuyataja.

"Kombe, yakhe!" akawaambia. "Nimewachezea wale kandanda mpaka wamelia."

Yakaja makombe mawili, matano, kumi na moja. Maskani wakaanza kumwita Kocha, na Boga akawa anatembea Bofu kifua mbele. Maskani ni hatua chache tu, na Mwanatatu alikuwa akimsikia kupitia dirisha, anacheka mpaka anashika mbavu. Lakini nikwambie ukweli, kicheko kile kilikuwa na mwiba ndani. Makombe kumi na moja! Katika maisha yake hakuwahi kupewa hata cheti. Sambusa za manda zake zimeliwa harusini na matangani, wanaosifiwa ni waliozikaanga. Alitamani mtu ajue. Hakutaka ngoma wala matarumbeta, alitaka tu itajwe kwa jina lake, mara moja, watu wasikie.

Mambo yakaja kuharibika kwa sababu ya mdomo wa Boga mwenyewe. Maskani walimwambia kioo ni kidogo, hawaoni kitu. Akajibu kwa maringo kwamba angekuwa na tivii kubwa wangeona maajabu. Jalila akasikia. Mwezi uliofuata rafiki yake, Caroline, akaja likizo na kifurushi.

Ndani mlikuwa na doki. Ni kisanduku cheusi, kina mpasuko juu, upana wake wa mkate. Unakichomeka kimashine kwenye ule mpasuko, waya mmoja unakwenda kwenye umeme, mwingine kwenye tivii, na picha yote inahamia kwenye kioo kikubwa. Vile vishikio vya ubavuni vinachomoka, kila kimoja kinacheza peke yake kwa mbali, bila waya. Na Jalila, mtoto mwenye mkono wazi, alikuwa ametia na padi moja kubwa ya kuchezea, ya mgeni.

"Sasa Kocha huna kisingizio," akasema Jafar. "Ijumaa baada ya alasiri, sote kwako."

Na kama hiyo haikutosha, wakamwita Kitsao. Kitsao alikuwa akifanya kazi na Boga bandarini, Mgiriama wa Mtopanga, na utani wao haujawahi kulala hata siku moja. Yeye ana gemu nyumbani kwake, amewafunga watu kuanzia Mtopanga mpaka Kiembeni. Akapiga simu mwenyewe.

"Boga we! Nakuja Ijumaa. Andaa leso ya kufutia machozi."

"Njoo," akajibu Boga, "ila uage kwenu vizuri."

Akakata simu.

Siku ile ile alijifungia sebuleni na doki yake, akajaribu. Kwenye kioo kidogo aibu ilikuwa ndogo. Kwenye tivii ya inchi arobaini na tatu, kipa wake alionekana wazi, anadaka hewa. Saba bila. Akarudia. Nane bila. Akakiacha kwa makusudi, akatoka nje kwa robo saa ili kijimalize, na Mwanatatu, kwa ushetani tu, hakukigusa. Boga akarudi, kumi na mbili bila.

Jumatano Mwanatatu akatia mkono kwenye pipa la unga, akavuta kitu kirefu cheusi. Akapiga kelele, akidhani ni nyoka. Ulikuwa ule waya wa tivii.

Akaenda nao sebuleni, mweupe kwa unga kama mtu wa pepo. "Baba Jalila. Huu umeingia wenyewe?"

Boga akatazama dari. "Labda panya."

"Panya gani anazungusha waya akaufunga na raba?"

Yule mzee, kocha wa makombe kumi na moja, akashusha pumzi na macho yakamlengalenga. "Mama Jalila, nimekwisha. Sijui kucheza. Sijui hata kidogo. Kile kidude kilikuwa kikijimaliza chenyewe, sasa tangu kikae juu ya hii doki kimegoma. Ijumaa wataniona. Nitakaa wapi mimi? Nitaihama Likoni?"

Mwanatatu akamtazama. Akauchomeka waya kwenye tivii, akaketi, akachukua kishikio cha kulia, akapangusa unga kwenye leso, akaanza mchezo. Dakika ya nne Shemeji akafunga. Dakika ya tisa akafunga tena. Boga alisimama nyuma yake, mdomo umekuwa pango.

"Na yale makombe?" akauliza taratibu.

"Yangu."

"Yote?"

"Hata lile ulilojigamba nalo kwa Jafar."

Boga akakaa chini sakafuni. Hakuomba msamaha, aliomba msaada, na wanaume wengi hudhani ni kitu kimoja. Wakapanga. Kati ya sebule na chumba cha nyuma kuna mlango wenye pazia. Wanaume wataketi mbele, Mwanatatu atakaa nyuma kama kawaida ya nyumba ikiwa na wageni, na kwenye pazia kuna upenyo unaoitazama tivii. Kitsao atapewa padi kubwa. Boga atashika kishikio cha kushoto, kilichozimwa, abonyeze apendavyo. Kishikio cha kulia, chenye uhai, kitakuwa ndani ya leso ya mkewe.

"Lakini nataka kitu kimoja," akasema Mwanatatu. "Mchezo ukiisha, uwaambie ni nani aliyecheza. Unitaje."

"Wallahi nitakutaja."

"Usiape. Nitaje tu."

Ijumaa ikafika. Sebule ikajaa viatu mlangoni na makofia ndani. Kitsao akaja na shati lililopigwa pasi na soda za watu wote. "Hodi, shemeji!" akaita kuelekea pazia, kama ilivyo adabu yake. Mwanatatu akaitika kutoka ndani, akapitisha sinia la sambusa kwa Jafar, akarudi kuketi kwenye kigoda, upenyo mbele ya jicho.

Mpira ukaanza, na babu wee, ulikuwa mpira! Kitsao alikuwa anajua kweli. Lakini kila akipiga pasi anamkuta mtu wa BOGA amekwisha kuwahi. Mbele pale Boga anajikunja, anajikunjua, anabonyeza kidude kilichokufa kwa nguvu zote, anatoa ulimi. Dakika ya ishirini Shemeji akawatoka mabeki wawili, na Mwanatatu akajisahau.

"Shemeji, kimbia!" ikatoka sauti nyuma ya pazia.

Kitsao akashtuka. "Nikimbilie wapi, shemeji? Mpira haujaisha!"

Watu wakaangua kicheko, Boga akakohoa ovyo kufunika mambo, na katika vurugu ile mpira ukaingia wavuni. Moja bila. Kabla ya mapumziko, mbili.

Wakati wa mapumziko sifa zikamwagika. Mashaallah, Kocha! Vidole hivyo, Kocha! Mtu mwenye akili angenyamaza akala sambusa yake. Lakini Boga akishasifiwa hawezi kujizuia, ni kama maziwa jikoni.

"Huu mchezo wa wanaume, jamani," akasema, mguu juu ya mguu. "Unataka hesabu. Mwanamke mpe sufuria. Mama Jalila huyo hapo ndani, mwaka mzima kidude kiko nyumbani, hajui hata kinashikwa wapi."

Wanaume wakacheka. Kitsao, nisimsingizie, alicheka kidogo tu.

Nyuma ya pazia, Mwanatatu alihisi uso unamwaka moto, yeye ambaye vidole vyake havihisi moto. Iliuma. Iliuma mahali pa mbali, penye sambusa zote za miaka thelathini. Akakitazama kile kishikio. Akakiweka polepole ndani ya bakuli la manda, akakifunika kwa kitambaa chenye unyevu, kama afanyavyo kwa manda zenyewe zisikauke. Akakunja mikono.

Kipindi cha pili kikaanza. Wachezaji wa BOGA wakasimama. Hawakukaba, hawakugeuka, Shemeji alisimama katikati ya uwanja kama aliyesahau alichofuata. Kitsao akapita, akafunga. Mbili moja.

"Mtego huo," akasema Boga, akitabasamu kwa shida. "Nimemwachia."

Mbili mbili.

Boga akakohoa mara moja. Kimya. Akakohoa mara mbili. Kimya kile kile. Akakohoa mara tatu, mara nne, mpaka Jafar akampiga mgongoni na kumpa maji. Kwenye tivii, Kitsao akafunga la tatu bila hata kuketi vizuri. Dakika ya themanini na mbili.

"Mama Jalila!" Boga akaita.

"Abee, baba Jalila," ikajibu sauti tulivu nyuma ya pazia. "Samahani, nimeshika sufuria."

Jafar akakitazama kishikio mkononi mwa Boga. Akalitazama pazia. Hakuwa mjinga, Jafar. Na Boga akaona kwamba Jafar ameona. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Angeweza kusema doki imeharibika. Angeweza kuuvuta waya kwa mguu, uko hapo karibu, na yote yaishe kwa lawama za umeme. Mguu ukasogea kidogo, wallahi ulisogea.

Kisha ukarudi.

Akasimama. Akavua kofia, sijui kwa nini, akaishika kifuani.

"Mwanatatu!" akaita.

Kati ya wanaume waliokuwamo, wengine wamekula katika nyumba ile miaka ishirini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia jina lile kutoka kinywani mwa mumewe.

"Mwanatatu," akasema tena. "Makombe ni yako. Yote kumi na moja. Mimi hata kupiga pasi sijui. Nimekosa mbele ya hawa, nakuomba mbele ya hawa. Njoo ucheze mpira wako."

Mwanatatu alikuwa akipangusa macho kwa pembe ya leso, na hakutaka kutoka kabla hajamaliza.

"Abee," akaitika.

Pazia likafunguka. Alijitanda vizuri, akawaamkia wageni, akapita katikati yao na bakuli la manda mkononi. Boga akamwachia kiti. Mwanatatu akafunua kitambaa, akatoa kishikio, akakitazama kioo. Dakika ya themanini na sita, mbili tatu.

"Shemeji Kitsao," akasema, "uniwie radhi."

La tatu lilikwenda kwa kichwa. La nne, dakika ya tisini na mbili, nani mwingine? Yule mwembamba wa nywele zilizosimama alitokea pasipojulikana, akaujaza wavu. Nyumba ikalipuka! Jafar alikanyaga sinia. Kitsao akaweka padi chini, akamwinamia Mwanatatu, akamgeukia rafiki yake.

"Boga, kumbe mwaka mzima tunampa heshima kocha msaidizi!"

"Hata msaidizi ni cheo kikubwa," akasema Jafar. "Huyu ni mbeba maji."

Boga akacheka nao, kicheko kidogo cha mtu aliyemezeshwa dawa chungu. Maskani wamemwita Mbeba Maji mpaka leo, na amezoea.

Jumamosi aliketi peke yake mbele ya doki, akalifuta jina la timu na kuandika jipya. Herufi tisa. Alianza adhuhuri akamaliza magharibi, kwani zile T mbili zilimchosha sana. Hakumwambia mkewe. Mwanatatu aliliona mwenyewe kesho yake, unga ukiwa unapumzika, akakaa akalitazama muda mrefu kabla ya kucheza.

Alasiri hiyo Boga akarudi kutoka maskani, Jafar na wengine wawili nyuma yake, wakaketi barazani. Akakohoa mara moja. Kimya. Akakohoa tena. Ndani ilisikika sauti ya manda ikibanduliwa kwenye chuma. Wale watatu wakatazamana, wakaanza kutabasamu.

Boga akakuna shingo.

"Mwanatatu!"

"Abee!" akaitika pale pale, na sinia likatoka, chai ikiwa imekwisha kumiminwa zamani.